Shahada ya pili katika sayansi za viumbe hai: itazame kazi kabla ya jina

Msimu wa maombi unapokaribia, huniandikia vijana waliomaliza shahada ya kwanza ya biolojia au ya fani jirani, na swali lao karibu kila mara ni moja: nisome biokemia au biolojia ya molekuli, immunolojia au mikrobiolojia, au nikimbilie bioteknolojia? Swali hilo nalipokea kwa uzito wake, kwa kuwa anayeuliza anaamua namna ya kutumia miaka ambayo hataipata tena. Hata hivyo, huanza kumjibu kwa kulisogeza swali lenyewe. Majina hayo ni ya idara, na idara zilipangwa na watu waliohitaji kugawana majengo, bajeti na vipindi vya kufundisha. Mtafiti wa kifua kikuu anaweza kuajiriwa katika idara yoyote kati ya hizo tano, akatumia mashine zilezile na kusoma majarida yaleyale. Kinachotenganisha maisha ya mwanafunzi mmoja na ya mwenzake ni kazi atakayokuwa akiifanya Jumanne ya kawaida saa tisa alasiri, pamoja na mtu atakayemwendea kazi hiyo inapokwama. Mambo hayo mawili ndiyo ninayoshauri yachaguliwe kwanza, na jina la shahada lifuate.

Wapo wanasayansi wakubwa ambao majina ya shahada zao hayatabiri hata kidogo walichokuja kukifanya. Barbara McClintock alipata uzamivu wake katika botania, Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1927. Lakini kazi yake ya maisha, akizichunguza kromosomu za mahindi kwa hadubini, ilikuwa jenetiki, na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1983 ilikuwa ya fiziolojia au tiba. Venkatraman Ramakrishnan alimaliza uzamivu wa fizikia mwaka 1976, akaona kwamba maswali yanayomvutia yako upande wa biolojia, akaingia darasani upya kama mwanafunzi wa biolojia, kisha akaiacha shahada hiyo bila kuimaliza alipopata maabara ambako angeweza kuichunguza ribosomu, sehemu ya seli inayotengeneza protini. Mwaka 2009 alipewa Nobel ya kemia. Siwataji ili kijana ajipime nao. Nawataja kwa sababu njia zao zinajulikana na yeyote anaweza kuzifuatilia: kila mmoja aliitambua aina ya kazi ambayo angeweza kuishi nayo miaka mingi, akaifuata popote ilipokuwa.

Lipo eneo moja ambako jina lina nguvu ya kisheria, na hapo sina budi kuwa mkali. Anayetaka kusaini majibu ya vipimo vya wagonjwa hospitalini, au kutoa ushauri nasaha wa kijenetiki, au kuwa mtaalamu wa lishe ya wagonjwa, mara nyingi atahitaji kusajiliwa na baraza la taaluma husika, na baraza hilo huwa na orodha ya programu linazozitambua. Uzamili wa mikrobiolojia wenye utafiti mzuri kabisa unaweza usimpe leseni hiyo. Anayelenga kazi za namna hii na aisome orodha ya baraza la nchi anayokusudia kufanyia kazi kabla hajajaza fomu yoyote. Wengine wote wanaweza kuendelea na swali la kazi.

Sasa, kazi yenyewe. Mtu aliyesoma biolojia ya molekuli kwenye vitabu huiona ikiwa michoro yenye rangi na mishale. Maabarani mambo ni mengine. Chukua kazi ya kutoa RNA, yaani molekuli zinazobeba ujumbe wa jeni, kwenye tishu. RNA humeng'enywa na vimeng'enya vilivyo karibu kila mahali, pamoja na kwenye ngozi ya vidole vya mtafiti mwenyewe, kwa hiyo asubuhi huanza kwa kufuta meza, kuvaa glavu mpya na kuizika mirija kwenye barafu. Zinafuata saa kadhaa za kupima mikrolita, kuizungusha mirija kwa kasi kwenye mashine ya kutenganisha tabaka, kumwaga tabaka moja bila kugusa jingine, kuosha kwa ethanoli na kusubiri ikauke. Mwishoni, chini ya mrija, kinabaki kitone ambacho kwa macho hakina tofauti na maji matupu. Kitone hicho hupelekwa kwenye mashine inayoipa RNA alama ya uzima kuanzia 1 hadi 10. Ikitoka 9, siku imekwenda vizuri na kazi halisi inaweza kuanza; ikitoka 3, kwa vipimo vingi hakuna njia ila kurudia na sampuli nyingine, ikiwa ipo. Nimewaona watu ambao marudio haya huwatuliza akili, wakaboresha mkono wao juma hadi juma na kufurahia usafi wa kazi iliyofanywa sawasawa. Nimewaona pia wenye akili kali ambao baada ya miezi mitatu walikuwa wamechoka kabisa, ingawa nadharia waliijua kuliko wote. Hakuna kati ya makundi hayo lililo bora kuliko jingine, ila ni kundi la kwanza linalopaswa kuomba nafasi katika maabara ya namna hiyo.

Utafiti wa nyikani unadai subira ya aina nyingine. Peter na Rosemary Grant walianza kuwapima ndege wa kisiwa kidogo cha Daphne Major, Galápagos, mwaka 1973, wakawavisha pete, wakapima midomo yao na kuwafuatilia kizazi baada ya kizazi. Ukame wa mwaka 1977 ulipowaua wengi wa spishi mojawapo, ilidhihirika kwamba waliosalimika walikuwa, kwa wastani, na midomo mikubwa zaidi, iliyoweza kupasua mbegu ngumu zilizobaki. Uteuzi wa asili ulionekana ukitenda kazi mbele ya macho ya watafiti, na ulionekana kwa sababu vipimo vya kabla ya ukame vilikuwa tayari vimeandikwa daftarini. Mwanafunzi wa uzamili hana miongo ya kusubiri. Kwa hiyo anayevutwa na ikolojia namshauri atafute mradi uliokwisha kuwa na kumbukumbu za miaka mingi, ili msimu wake mmoja wa kukusanya data uungane na misimu ya waliomtangulia. Anayeanzisha eneo jipya la utafiti kwa ajili ya tasnifu ya miaka miwili hujiweka katika hatari ya kuukuta msimu huo mmoja ukiwa wa mvua zisizo za kawaida, na asiwe na cha kulinganisha nacho.

Upande wa tatu, ambao wengi bado wanauona kama kimbilio la wasiopenda maabara, ni kompyuta. Kusoma jenomu nzima ya binadamu, yaani DNA yake yote, kuligharimu takriban dola milioni 100 za Marekani mwaka 2001. Kufikia mwaka 2021 gharama hiyo ilikuwa imeshuka chini ya dola 1,000. Matokeo yake ni kwamba data imekuwa nyingi kuliko watu wenye uwezo wa kuichambua, na bioinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za biolojia kwa kompyuta, imekuwa fani yenye uzito wake yenyewe. Lakini hata hapa siku ya kawaida haifanani na tangazo la programu. Sehemu kubwa ya muda huenda katika kugundua kwamba safu mbili za jedwali zimebadilishana vichwa, kwamba sampuli ya mgonjwa mmoja imeandikwa kwa tahajia mbili tofauti, kwamba mbinu iliyotumika kuchuja data imetupa nusu ya kilichotafutwa. Anayeipenda kazi hii ni yule anayesikia raha kufuata kosa hadi kwenye shina lake. Habari njema ni kwamba mtu anaweza kujijaribu bila ruhusa ya yeyote: benki za data za umma kama GenBank, iliyoanza mwaka 1982, ziko wazi, na mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kupakua mfuatano wa jeni leo hii na kuanza kuulinganisha na mwingine.

Popote mtu atakapoelekea, takwimu hazikwepeki. Ronald Fisher, aliyeweka misingi mingi ya usanifu wa majaribio alipokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, alisema mwaka 1938 kwamba kumwendea mwanatakwimu baada ya jaribio kumalizika mara nyingi ni kumwomba aipasue maiti: labda ataweza kueleza jaribio lilikufa kwa sababu gani. Kati ya programu mbili zinazolingana kwa mengine yote, mimi ningechukua ile inayolazimisha somo la usanifu wa majaribio katika muhula wa kwanza, kabla mwanafunzi hajagusa sampuli.

Kuna jambo ambalo sijaliona likielezwa vya kutosha kwa waombaji, nalo ni mwendo wa kiumbe atakayechunguzwa. Bakteria *Escherichia coli* katika hali nzuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na aliyewapanda jioni hukuta makoloni asubuhi. Bakteria wa kifua kikuu huchukua karibu saa 20 kugawanyika mara moja, na koloni kuonekana kwenye chakula kigumu cha maabara huchukua majuma kati ya 3 na 8. Nzi wa matunda hufika kutoka yai hadi utu uzima kwa siku kama 10 katika nyuzi joto 25. Mmea *Arabidopsis* huhitaji karibu majuma 6 kutoka mbegu hadi mbegu. Mimba ya panya pekee ni takriban majuma 3, na watoto wake nao wanapaswa kukua kabla ya kuzalishwa. Sydney Brenner alilielewa hili vyema alipopendekeza mwaka 1963 kumtumia mnyoo mdogo, na hatimaye kumchagua *Caenorhabditis elegans*: mnyoo mwangavu, anayekamilisha mzunguko wa maisha kwa takriban siku 3, na ambaye katika umbo lenye jinsia mbili ana seli za neva 302 tu, idadi ambayo binadamu anaweza kuihesabu na kuifuatilia moja moja. Uchaguzi huo ulizaa uwanja mzima wa utafiti, na Nobel ya mwaka 2002.

Mwanafunzi na apige hesabu hiyo kabla ya kukubali mradi. Ikiwa kila jaribio linahitaji majuma 6 ili bakteria waonekane, mwaka mzima una nafasi ya majaribio 8 yanayofuatana, na hapo hatujatoa mafunzo ya usalama ambayo kwa kawaida hutangulia ruhusa ya kuingia katika maabara ya ngazi ya 3 ya usalama wa kibiolojia, wala sahani zilizovamiwa na ukungu. Sisemi watu waukimbie utafiti wa kifua kikuu. Ugonjwa huo unawahitaji watafiti bora tulio nao. Ninachosema ni kwamba katika uzamili wa mwaka mmoja mtu anaweza kuuchunguza kwa kutumia bakteria ndugu anayekua haraka zaidi, au kwa data na sampuli zilizokwisha kukusanywa, na kuiacha kazi ndefu ya vijidudu hai kwa ajili ya uzamivu. Msimamizi mwenye uzoefu huyapanga haya mwenyewe. Asipoyapanga, mwombaji ayaulize.

Hapo ndipo tunapofika kwa msimamizi, na hapa nitakaa, kwa sababu sijawahi kuona jambo jingine linaloamua hatima ya mwanafunzi wa utafiti kwa kiasi hiki. Mambo mengi kumhusu yanaweza kujulikana bila hata kuzungumza naye. Katika sayansi hizi jina la kwanza kwenye makala ya utafiti kwa desturi ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na jina la mwisho ni la mkuu wa maabara. Zisome makala zake za miaka mitano iliyopita ukitazama majina ya kwanza: je, ni ya wanafunzi, au ni ya watafiti waliokwisha kupata uzamivu, huku wanafunzi wakitajwa katikati au kwenye shukrani tu? Kisha yatafute majina hayo uone watu wenyewe wako wapi sasa. Maabara ambayo wanafunzi wake wa zamani wametawanyika katika vyuo, viwanda vya dawa, taasisi za afya na mashirika ya uhifadhi inakuambia jambo moja. Ile ambayo wanafunzi wake hawaonekani popote inakuambia jingine.

Baada ya hapo, zungumza na wanafunzi waliopo, msimamizi akiwa hayupo. Maswali ya jumla huleta majibu ya adabu, kwa hiyo uliza ya wazi na madogo. Rasimu ya sura ukimpelekea leo, hurudi baada ya muda gani? Jaribio lililoshindikana mara ya mwisho, alilipokeaje? Nani huamua mpangilio wa majina kwenye makala, na huamuliwa lini? Aliyemaliza karibuni alitumia muda gani zaidi ya ule ulioandikwa kwenye kijitabu cha programu? Mtu akinyamaza kidogo kabla ya kujibu swali la kwanza, usilipuuze. Namfahamu mwanafunzi mmoja, mwenye mkono mzuri wa maabara kuliko wengi niliowaona, ambaye sura zake za tasnifu zilikaa mezani kwa msimamizi miezi na miezi, hadi ufadhili ukamwishia akiwa na data yote mkononi. Chuo kilikuwa na jina kubwa na mashine zilikuwa mpya, na hakuna kimojawapo kilichomsaidia.

Je, ni bora profesa mashuhuri mwenye maabara ya watu 30, au mhadhiri kijana mwenye wanafunzi watatu? Kwa uzamili, naegemea upande wa kijana, kwa kuwa muda ni mfupi na mwanafunzi anahitaji mtu wa kusimama naye mezani pipeti inapomshinda. Kwa uzamivu, maabara kubwa inaweza kufaa, mradi kuna watafiti wazoefu ndani yake wanaofundisha kweli, na mradi mwanafunzi ni wa aina inayojitafutia. Mhadhiri kijana naye ana hatari yake: ruzuku yake ikikoma au akihamia chuo kingine, mradi huyumba. Hilo nalo huulizwa waziwazi, na mwenye nia njema hachukizwi nalo.

Kuhusu uzamili wa masomo na mitihani dhidi ya uzamili wa utafiti, nitasema machache. Ule wa masomo, ambao Uingereza kwa kawaida huchukua mwaka mmoja, una mradi wa miezi michache tu. Unamfaa anayebadilisha fani, au anayelenga udhibiti wa ubora, usimamizi wa majaribio ya dawa, au kazi za sera ya afya. Ule wa utafiti unamfaa anayefikiria uzamivu, na ndiyo njia ya gharama nafuu zaidi ya kujua kama anaupenda kweli. Katika nchi nyingi za Ulaya uzamili ni mlango ambao hauna budi kupitiwa kabla ya uzamivu. Marekani, kinyume chake, hupokea wanafunzi wengi wa uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, huwazungusha katika maabara kadhaa mwaka wa kwanza kabla hawajachagua moja, na kwa kawaida huwatwaa kwa miaka 5 au zaidi.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kifedha, na watu wengi huifahamu wakiwa wamechelewa. Programu za uzamivu za sayansi hizi Marekani kwa kawaida hulipa ada na kumpa mwanafunzi posho ya kujikimu, ilhali uzamili hukohuko mara nyingi hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe. Uholanzi, Denmark, Norway na Sweden, wanafunzi wengi wa uzamivu huajiriwa na chuo na kupokea mshahara. Kwa hiyo kijana mwenye rekodi nzuri anayekopa fedha nyingi kusomea uzamili kama ngazi ya kwanza huenda anaulipia mlango ambao angeweza kuuingia kwa kulipwa. Na hata anayepata ufadhili wa ada aulize swali moja zaidi: nani analipia vitendanishi, yaani kemikali na vifaa vinavyotumika kwenye majaribio? Vimeng'enya, kingamwili na vifurushi vya kusomea mfuatano wa jeni hugharimu fedha nyingi, na ufadhili unaogusa ada na posho peke yake unaweza kumwacha mwanafunzi akikaa mbele ya friji tupu, akisubiri oda ambayo hakuna aliyeilipia.

Swali la kama uzamivu unahitajika kabisa hulijibu kwa kumtaja Tu Youyou. Alisomea famasia Beijing, akahitimu mwaka 1955, akaiongoza timu iliyoipata artemisinini kwa ajili ya kutibu malaria, na akapewa Nobel mwaka 2015 bila ya kuwa na uzamivu. Mazingira yake yalikuwa ya pekee, na leo anayetaka kuongoza maabara yake mwenyewe atauhitaji karibu bila shaka. Lakini kazi nyingi za maana katika sayansi hizi hazihitaji kuongoza maabara, na nafasi za uhadhiri katika nchi nyingi ni chache kuliko wahitimu wa uzamivu wanaozitaka. Mwenye uzamili aliyebobea katika mbinu moja, iwe ni kuchambua seli kwa leza, kukuza seli au kuchambua jenomu, huhitajika sana, na hapaswi kuhesabiwa kama mtu aliyeishia njiani.

Ukishajua kazi unayoitaka na watu watatu au wanne unaoweza kuifanya chini yao, waandikie kabla ya kujaza fomu, hata pale chuo kisipodai hivyo. Barua iwe fupi kiasi cha kusomwa kwenye simu. Itaje makala yake moja uliyoisoma mpaka mwisho, na swali ambalo makala hiyo ilikuachia, swali la kweli, hata kama ni dogo. Eleza unachoweza kufanya kwa mikono yako au kwa kompyuta sasa hivi, bila kuongeza chumvi, na useme unakusudia kuanza lini na ufadhili gani unauomba. Usiitume barua moja kwa watu ishirini kwa kubadilisha majina, kwani wanaozipokea huzitambua kuanzia sentensi ya kwanza. Majuma mawili au matatu yakipita kimya, kumbusha mara moja kwa heshima, kisha endelea na mwingine. Ukijibiwa na kupangiwa mazungumzo, omba palepale uunganishwe na mwanafunzi mmoja aliyeko maabarani na mmoja aliyekwisha kuondoka.